Kumi Hadi Moja: Vitabu vya Kumjua Binadamu, Vikisomwa Mosocho

Ukishuka kutoka Mosocho hadi Kisii mjini siku ya soko, utakuta vitabu vimetandazwa juu ya gunia kando ya barabara, katikati ya soksi na chaja za simu. Vingi ni vya kukufundisha kuishi: jinsi ya kupata pesa, jinsi ya kupendwa, jinsi ya kuamka saa kumi na moja alfajiri bila kununia mtu. Wateja hawakosi. Mwalimu ananunua, mwendesha bodaboda ananunua, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii anapiga picha jalada na kuahidi kurudi mwisho wa mwezi.

Navipenda vitabu hivi na natetea kila anayevinunua. Ila kuna jambo linaloniwasha. Wagusii, wenyeji wa Kisii, ni miongoni mwa Waafrika waliochunguzwa sana na wanasaikolojia. Tangu katikati ya miaka ya 1950, watafiti kutoka Marekani wamepanda vilima hivi na daftari zao wakitaka kujua binadamu hukuzwaje. Waliyoyapata yamejaa rafu za vyuo vikuu vya mbali, na juu ya lile gunia la mjini hayapo. Kwa hiyo nimewaketisha wageni na wenyeji pamoja, kuanzia nafasi ya kumi hadi ya kwanza. Kubishana ruksa.

10. The African Mind in Health and Disease, J. C. Carothers (1953)

Daktari Carothers, wewe kaa kule nyuma, karibu na mlango. Huyu bwana aliongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, na alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa amesomea udaktari wa akili. Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu hiki, na humo anadai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, kiasi cha kufanana na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kukatwa sehemu hiyo. Alichunguza wagonjwa waliofungiwa chini ya ukoloni, kisha akalihukumu bara zima. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali The Psychology of Mau Mau, na watu waliodai ardhi yao wakageuzwa wagonjwa.

Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimjibu kwa ukali mwaka 1961. Mbona basi nimemweka Carothers orodhani? Kwa sababu nataka kijana anayesomea saikolojia ajue mapema kwamba muhuri wa Shirika la Afya Duniani haugeuzi matusi kuwa sayansi.

9. Rich Dad Poor Dad, Robert Kiyosaki (1997)

Bwana Kiyosaki, karibu, ila hilo la nyumba utatufafanulia. Anasema nyumba unayoishi haifai kuhesabiwa kuwa mali, kwa kuwa inakutoa pesa mfukoni badala ya kukuingizia. Kamweleze hayo baba wa Mosocho ambaye mwanawe ana miaka thelathini na hajajenga nyumbani. Kwetu kijana huanza kuhesabiwa mtu mzima anaposimamisha nyumba yake kwenye ardhi ya baba, hata kama yeye mwenyewe analala chumba cha kupanga Nairobi na nyumba inakaliwa na popo. Siku ya matanga waombolezaji hawatapiga hema ndani ya akaunti yako ya benki.

Lakini tusimfukuze. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita moja ya mraba. Shamba la babu lilikatwa likapewa wana, wana wakawakatia wana wao, na sasa kuna mtu ambaye kivuli cha migomba yake kinaangukia kwa jirani. Anayetarajia kurithi utajiri wa ardhi hapa ana kidogo sana cha kurithi. Kiyosaki anakulazimisha ujiulize kila mwezi ni kipi kinacholeta pesa na ni kipi kinachozila, na swali hilo lina maana Mosocho kuliko lilivyo na maana Hawaii alikokulia.

8. How to Win Friends and Influence People, Dale Carnegie (1936)

Likumbuke jina la mtu, mwache aseme habari zake, mwonyeshe kwamba unamjali kwa dhati. Mzee Carnegie, bibi yeyote wa Mosocho angekupa ushauri huo bure, na angekuongezea sehemu uliyoiruka: baada ya jina, uliza ni mtoto wa nani, mama yake alitoka ukoo gani, na ng'ombe wanaendeleaje. Mkifika kwa ng'ombe, urafiki umekamilika. Kitabu cha siku moja. Kisome, mpe jirani.

7. The 48 Laws of Power, Robert Greene (1998)

Baadhi ya magereza ya Marekani yamekipiga marufuku, na hiyo ndiyo sababu vijana wengi wanakitaka. Sheria ya pili inakuonya usiwaamini marafiki kupita kiasi. Ya kumi na tano inakutaka umponde adui mpaka asiinuke. Bwana Greene, hujawahi kuishi mahali ambapo umemponda adui Jumatatu, na Jumatano usiku unahitaji kukatiza shambani kwake kumfikisha mgonjwa barabarani.

Mtu wa kumjibu Greene alitutembelea zamani. Philip Mayer alikuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, akawachunguza Wagusii miaka ya 1940, na mwaka 1951 alichapisha makala kuhusu utani wa marika, yaani wanaume waliotahiriwa pamoja. Aliona wakirushiana maneno ambayo yakitamkwa na mtu mwingine yangeleta kesi, na hakuna aliyenuna. Uhuru huo wa kutaniana vibaya ndio uliokuwa ushahidi wa urafiki wenyewe. Umemwamini mtu hadi ukampa ruhusa ya kukuaibisha hadharani, na bado unajua atakuja kukujengea. Greene ameandika sheria 48 na hakuna hata moja inayoujua urafiki wa namna hiyo. Kisome ili umtambue anayekitumia dhidi yako. Usikipeleke kwenye chama, mtavunja chama.

6. Atomic Habits, James Clear (2018)

Bwana Clear ni mwalimu mzuri. Anza na jambo dogo linalochukua dakika mbili, panga mazingira yako yakusaidie, na ujihesabu kuwa mtu wa aina fulani kabla ya kudai matokeo. Anayetaka kuacha sigara asome hiki kabla ya kununua dawa yoyote ya mitishamba.

Anapoishia ni pale ambapo tabia si yako peke yako. Mosocho yenyewe ina somo hilo. Tangu 2002 mradi wa Fulda-Mosocho, uliotokana na kazi ya Profesa Muthgard Hinkelmann-Toewe wa Fulda, Ujerumani, umejaribu kumaliza ukeketaji wa wasichana hapa kwa njia ya mafunzo marefu: wanawake na wanaume huketi kwanza na kujadili mambo wanayoyathamini, mwili unavyofanya kazi na heshima ya mtoto, ndipo suala la kukata linapofikiwa. Hapo hakuna dakika mbili. Msichana mmoja hawezi kuacha desturi ambayo bibi, shangazi na mume mtarajiwa wanaisubiri. Takwimu za afya za kitaifa zilionyesha asilimia 96 ya wanawake wa Kigusii wamekeketwa katika uchunguzi wa 2008–09, kisha asilimia 84 katika ule wa 2014. Kati ya hapo ilikuja sheria ya 2011 ya kupiga marufuku. Na desturi ina ujanja wake: familia nyingi za Kisii zimemwacha mkeketaji wa jadi zikamfuata mhudumu wa afya, mwenye glavu na sindano ya ganzi. Tabia imebadilisha mavazi, msichana bado anakatwa. Bwana Clear, tuandikie juzuu ya pili juu ya hilo, nitanunua nakala ya kwanza.

5. Thinking, Fast and Slow, Daniel Kahneman (2011)

Nenda Daraja Mbili, uliza bei ya koti la mtumba. Muuzaji akitangulia kutaja 1,500, utajiona shujaa ukilipa 700, na utatembea umebana koti kwapani kama aliyeshinda uchaguzi. Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002 na kufariki Machi 2024, alitumia kurasa nyingi kueleza kilichokupata: namba ya kwanza huuteka ubongo, na makadirio yote yanayofuata huizunguka. Mama muuza koti hakumsoma Kahneman. Kahneman angefaidika kukaa naye siku nzima.

Nampenda mzee huyu pia kwa sababu alikubali kukosolewa. Sehemu ya kitabu inayoeleza jinsi vitu vidogo tusivyovitambua vinavyotusukuma kutenda ilisimama juu ya majaribio dhaifu, na mwaka 2017 alikiri waziwazi kwamba aliyaamini kupita kiasi.

Kuna tatizo kubwa kuliko hilo, na si lake peke yake. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha kwamba utafiti mwingi wa saikolojia umefanyiwa watu wa nchi za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu, na kwamba mara nyingi watu hao ndio wanaotofautiana na binadamu wengine. Kitabu kinaposema “sisi binadamu,” muulize mwandishi alimhoji nani. Watafiti wa vitabu vitatu vya juu kabisa katika orodha hii walishaanza kujibu swali hilo wakati Henrich hajaingia chuo kikuu.

4. Contemporary Witch-Hunting in Gusii, Southwestern Kenya, Justus Ogembo (2006)

Hapa utani unapumzika.

Ogembo, mwenyeji wa Gusii, aliandika juu ya mauaji ya watu walioitwa wachawi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hakuridhika na jibu jepesi kwamba watu wanaamini uchawi, kwa sababu imani ilikuwepo muda mrefu na mauaji yalikuja kwa mawimbi. Alitazama yaliyokuwa yakitokea wakati huo: uchumi uliobana kaya, siasa za vyama vingi zilizowafarakanisha majirani, hofu isiyo na mahali pa kuelekezwa. Hofu ikielekezwa kwa mtu, humwangukia asiye na wa kumtetea, na mara nyingi huyo ni mwanamke mzee aliyefiwa na mume.

Mambo hayo hayajaisha. Oktoba 2021 wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati Marani, upande uleule wa Kitutu Chache tulipo sisi wa Mosocho. Bibi anayesahau njia ya nyumbani, anayezungumza peke yake, anayetembea usiku akitafuta watoto waliokwisha kuwa wazee, huenda ana ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Anahitaji daktari na mtu wa kumshika mkono. Kila chifu, kila padri na kila mwenyekiti wa kikundi cha vijana angepaswa kuwa na kitabu hiki mezani, na ningependa akisome kabla ya kufungua chochote cha Kiyosaki au Greene.

3. Mothers and Wives: Gusii Women of East Africa, Sarah LeVine (1979)

Sarah LeVine alifanya jambo ambalo watafiti wengi wa enzi yake waliliona la ziada: aliketi na wanawake vijana wa Kigusii mara kwa mara, akawasikiliza kwa muda mrefu. Waume wengi walikuwa kazini mijini, na mke akabaki na shamba, mama mkwe, watoto na pengine mke mwenza. Alisikiliza hata ndoto zao, na baadaye akaziandikia makala yake mwaka 1982.

Ninachokipenda ni kwamba wanawake hawa hawafanani. Mmoja analalamika, mwingine anapanga, mwingine anacheka mambo yaleyale yanayomliza wa tatu. Waandishi wa vitabu vya kuboresha ndoa wangejifunza hapa kwamba “mwanamke wa Kiafrika” ni wengi. Wanaume, kisomeni polepole. Mtakutana na mama zenu kabla hawajawa mama zenu.

2. Children of Six Cultures, Beatrice na John Whiting (1975)

Hapa tunaingia kwenye mambo makubwa. Katikati ya miaka ya 1950 Whiting na mkewe walituma watafiti sehemu sita za dunia: Okinawa, Ufilipino, India, Mexico, mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Marekani waliouita Orchard Town, na kijiji cha Wagusii walichokiita Nyansongo. Waliokuja kwetu ni Robert na Barbara LeVine, na mwaka 1966 walitoa kitabu chao, Nyansongo: A Gusii Community in Kenya, ambacho nakihesabu pamoja na hiki ili nisivunje sheria ya vitabu kumi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Mtazamaji anamfuata mtoto kwa dakika tano, anaandika kila anachofanya na kila anachofanyiwa, anaondoka, anarudi siku nyingine. Watoto walikuwa 134, wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja, na 16 kati yao ni wetu. Walipojumlisha, watoto wa Nyansongo walikuwa juu katika kusaidia na kuwajibika: wanalisha mdogo wao, wanamwelekeza, wanamkanya asiende motoni. Watoto wa Orchard Town walikuwa juu katika kutafuta kutazamwa. Whiting na mkewe waliutafuta mzizi katika kazi. Mtoto aliyekabidhiwa mtoto mwenzake ambebe, na ng'ombe awachunge, anajua kwamba asipofanya kitu kitaharibika kweli. Aliyeambiwa apange chumba chake tu anajua kisipopangwa hakuna atakayelala njaa.

Msomaji anayejivuna sasa hivi, ngoja kidogo. Familia ya LeVine pia ilieleza majirani wanaoshukiana na kupelekana kortini kwa wepesi. Ukitaka kulipinga hilo, usilipinge kwa kutishia kushtaki. Na viboko vilikuwepo, utiifu ulikuwa juu ya kila kitu, na mtoto mwenye maswali mengi hakushangiliwa. Mtafiti mwaminifu anakupa picha nzima, na wewe unaamua ni sehemu gani utairithisha.

1. Child Care and Culture: Lessons from Africa, Robert LeVine na wenzake (1994)

Robert LeVine alirudi Gusii mwaka 1974 akakaa hadi 1976, safari hii na Sarah wa nafasi ya tatu na kikosi cha wataalamu, akiwemo T. Berry Brazelton, daktari wa watoto ambaye Wamarekani wengi walilea kwa vitabu vyake. Walitaka kujua mama wa Kigusii anafanya nini na mtoto mchanga, saa kwa saa, kisha wamlinganishe na mama wa tabaka la kati wa Boston.

Mama wetu alimbeba mtoto mchana, akalala naye usiku, akamnyonyesha mara tu alipolia. Alizungumza naye kidogo, hakumkazia macho, na sifa hakumpa, kwa sababu mtoto anayesifiwa huota kiburi. Mama wa Boston alimlaza mtoto kitandani peke yake, akamwongelesha kutwa, akamsifu kwa kila tabasamu. Akina mama wa Kigusii walipoonyeshwa filamu za wenzao wa Marekani, waliudhika kuona mtoto akilia na mama akichelewa kumshika. Naifurahia sana picha hiyo: mzazi wa kilimani akimsikitikia mtoto wa Boston.

LeVine hakutoa medali kwa upande wowote. Alisema kila mama alikuwa na lengo. Kwetu lengo la kwanza lilikuwa mtoto asife, kwa kuwa hatari ya mwaka wa kwanza ilijulikana na kila nyumba, na mama alikuwa na wengi: mwishoni mwa miaka ya 1970 wastani wa Kenya ulikuwa watoto wanane kwa kila mwanamke. Akishapona, lengo la pili lilikuwa heshima, chinsoni, ile inayopima umbali kati ya kizazi na kizazi. Kumkwepa macho mtoto kulitokana na heshima hiyohiyo. Mama wa Boston alikuwa na mtoto mmoja au wawili waliotarajiwa kuishi, akawaandaa kwa darasa na mahojiano ya kazi tangu kitandani. Kwa mizani ya vitabu vya malezi vya Marekani mama wa Kigusii alikosea mengi, na watoto wake walikua wazima, wenye akili zao.

Jirani yetu Uganda alikuwa ameshatoa funzo la namna hiyo. Mary Ainsworth, ambaye jina lake halikosi katika kitabu chochote kuhusu mtoto na mama, alianza kuwatazama watoto na mama zao katika vijiji vya Baganda karibu na Kampala mwaka 1954, akatoa Infancy in Uganda mwaka 1967. Nadharia ambayo leo tunaiagiza kutoka ng'ambo ilipata macho yake ya kwanza Afrika Mashariki.

Nina ugomvi mmoja na namba moja yangu: baba haonekani sana. Na muda umepita. Katika kitabu, mbebaji mkuu wa mtoto baada ya mama ni omoreri, dada au kaka mdogo aliyepewa kazi hiyo rasmi. Elimu ya msingi ya bure ya 2003 iliwaita wabebaji hao darasani, na ilikuwa haki yao. Miaka ya baadaye LeVine na wenzake walionyesha, kwa data za Mexico, Nepal, Venezuela na Zambia, kwamba mama aliyesoma huwa na namna nyingine ya kuzungumza na mtoto wake. Basi Mosocho ya leo ina mama aliyesoma, baba aliye kwenye simu, omoreri aliye darasa la tano, na mtoto mchanga mikononi mwa mtu ambaye hayumo katika kitabu chochote kati ya hivi kumi. Kuna mvulana pale shule ya Cardinal Otunga, au dada yake, anayeweza kuandika namba sifuri. Aanze kwa kumhoji yaya. Yeye ndiye anayejua mtoto anaamka mara ngapi usiku.